Hasira Juu ya Pikipiki: Utulivu na Adabu kama Kinga ya Mwili

Barabara inayounganisha Korogwe na Handeni ina urefu wa kilomita 65. Tangu iwekwe lami, safari imekuwa nyepesi na mwendo umeongezeka. Kata ya Sindeni, wilayani Handeni, imo katika njia hiyo. Kila asubuhi pikipiki hutoka katika njia za vumbi za vijiji na vitongoji zikiwa zimebeba wajawazito wanaokwenda kliniki, wanafunzi, magunia ya mahindi na madumu ya maji, zikaingia katika lami inayotumiwa pia na malori, mabasi na magari madogo. Hapo chombo chenye uzito wa kilo mia na ushei hukutana na vyombo vyenye uzito wa tani nyingi, na mtu aliyekaa juu yake hana bodi ya gari wala mkanda wa kumzuia.

Ichukuliwe mfano wa safari moja. Mwendesha bodaboda anatoka Sindeni kuelekea Korogwe akiwa amempakia mama aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni. Lori lililokuwa limeegeshwa pembeni linaingia barabarani ghafla mbele yao. Kijana anashika breki, pikipiki inayumba, inasimama wima. Hakuna aliyeumia. Hatari imekwisha pita. Lakini kijana anaona amedharauliwa. Anaongeza mafuta, analifukuza lile lori, analikaribia upande wa dereva na kunyoosha mkono mmoja huku akipaza sauti. Mbele kuna kona, na basi linakuja. Ndipo mama anapomgusa begani na kumwambia, “Mwanangu, mwache aende. Nina mtoto mgongoni.” Kijana anapunguza mwendo, lori linatangulia, basi linapita.

Mfano huu una hatari mbili. Ya kwanza ilisababishwa na mwingine na ilidumu kwa sekunde moja au mbili. Ya pili ilitengenezwa na mwendesha pikipiki mwenyewe na ingeweza kudumu kwa kilomita kadhaa. Kuhusu hatari ya kwanza, mengi yamekwisha semwa: kofia ngumu, breki nzima, leseni, mwendo wa wastani. Hatari ya pili haizungumzwi sana katika vituo vya afya, ingawa ni ya kitabibu kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa huanzia katika ubongo, huenea katika damu na misuli, na mara nyingine huishia katika chumba cha upasuaji.

Uzito wa jambo hili si wa Handeni peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba watumiaji wa vyombo vya injini vya magurudumu mawili na matatu ni takriban asilimia 21 ya vifo hivyo. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua. Nchini Tanzania, tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki na bajaji kupewa leseni za kusafirisha abiria, bodaboda imekuwa ajira ya vijana wengi na tegemeo la vijiji visivyofikiwa na mabasi. Wodi za mifupa, kuanzia hospitali za wilaya hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, zimezoea kuwapokea waendeshaji na abiria wao.

Mwili unapopandwa na hasira

Hasira ni tendo la kawaida la mwili linalokusudiwa kumlinda mtu. Ndani ya ubongo, kila upande, mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari haraka, kabla sehemu ya mbele ya ubongo inayopima na kuamua haijapata nafasi ya kutafakari. Ikishatoa ishara, neva huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kotisoli.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kukasirika. Moyo hupiga kasi, shinikizo la damu hupanda, pumzi huwa fupi, viganja hutoa jasho, misuli ya mikono na mabega hukaza. Kwa mtu anayekabiliwa na mnyama mkali porini, maandalizi hayo yanafaa. Kwa mtu anayeendesha pikipiki, karibu kila badiliko linamletea madhara.

Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Ukikaza kupita kiasi, mafuta huongezeka bila kukusudiwa na breki hushikwa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, hasa penye mchanga au maji ambapo tairi huteleza kirahisi. Mabega yaliyokakamaa hufanya usukani kuwa mgumu, na pikipiki hushindwa kufuata kona kwa ulaini. Macho nayo hukaza juu ya kitu kimoja. Mtu mwenye hasira humwona aliyemkosea, lakini asione mtoto anayevuka upande wa pili, shimo lililo mbele, wala gari linalokuja. Ubongo hupunguza upana wa kile unachokizingatia ili upambane na adui mmoja, ilhali usalama barabarani unategemea kuona mambo mengi kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hayo, sehemu ya ubongo inayopima matokeo hupoteza nguvu kwa muda. Ndiyo maana mtu mwenye busara nyumbani anaweza kutenda jambo la ajabu barabarani, kisha akajishangaa jioni. Hali hii haiishi mara tu tukio linapopita. Mwili huhitaji dakika kadhaa, na pengine zaidi, ili urudi katika utulivu wake. Katika muda huo jambo dogo tu, kama honi ya gari la nyuma, huweza kuiwasha hasira upya na kuifanya kubwa kuliko ya kwanza. Mwendeshaji aliyegombana karibu na Sindeni anaweza kuwa bado na mwili wenye hasira akiwa amekwisha safiri kilomita kadhaa, ingawa yeye mwenyewe anadhani ametulia.

Kutoonwa na kudharauliwa

Kinachoamsha hasira mara nyingi ni tafsiri ya tendo kuliko tendo lenyewe. Gari likimchomekea mwendesha pikipiki, jambo la kwanza linalomjia akilini ni, “Ameniona, akanipuuza kwa sababu mimi ni bodaboda.” Wapo madereva wenye dharau, na kukana hilo hakusaidii. Hata hivyo, sayansi ya macho inaonyesha kwamba mara nyingi sana dereva hakuwa amemwona.

Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba, katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari jingine, takriban theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa gari aliingilia njia ambayo ilikuwa haki ya pikipiki. Na sababu kuu ya kufanya hivyo ilikuwa kushindwa kuitambua pikipiki. Los Angeles si Handeni, lakini jicho la mwanadamu ni lile lile.

Sababu za kutoonwa ni kadhaa. Kwanza, pikipiki ni nyembamba. Nguzo inayoshikilia kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha kabisa kwa sekunde nzima. Pili, ubongo hukadiria umbali na mwendo wa kitu kwa kuangalia ukubwa wake; kitu kidogo huonekana kiko mbali zaidi na kinakuja polepole kuliko ilivyo kweli. Dereva anayeingia barabarani akitokea kwenye njia ya pembeni anaweza kuiona pikipiki na bado akaamini kwamba ana nafasi ya kutosha. Tatu, macho yanapohama kwa haraka kutoka kushoto kwenda kulia, ubongo hausajili picha ya katikati, na pikipiki inaweza kuangukia katika pengo hilo. Nne, lori lina maeneo makubwa yasiyoonekana katika vioo vyake, hasa nyuma kabisa, ubavuni na mbele karibu na bampa. Ipo kanuni rahisi inayofaa kukumbukwa: ikiwa mwendesha pikipiki hauoni uso wa dereva katika kioo cha pembeni cha lori, basi dereva naye hamwoni.

Maarifa haya yana faida mbili. Faida ya kwanza ni ya tahadhari: mwendeshaji huwasha taa hata mchana, huvaa nguo yenye rangi inayong’aa, na hakai ubavuni mwa lori. Faida ya pili ni ya moyo. Anayeamini kwamba hakuonekana hukasirika kidogo kuliko anayeamini kwamba amedharauliwa, ingawa kilichotokea ni kile kile.

Hesabu ya sekunde moja

Hasira humnyima mtu muda, na muda barabarani hupimwa kwa mita. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kwa kila sekunde. Mwendeshaji aliyegeuza shingo kumtazama dereva kwa sekunde mbili tu amekwenda zaidi ya mita 33 bila kuona njia. Ikiwa katika mita hizo ng’ombe amevuka au tuta limejitokeza, hana tena nafasi ya kushika breki.

Nguvu ya mgongano nayo huongezeka kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa umeongezeka kwa nusu, lakini nishati inayotakiwa kumalizwa wakati wa kugonga huwa zaidi ya maradufu. Nishati hiyo humalizwa na mifupa, ubongo na viungo vya ndani. Hapa ndipo tofauti ya michubuko na mfupa wa goko uliovunjika na kutoboa ngozi inapopatikana. Kofia ngumu husaidia sana: uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69 na hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42. Lakini haikingi mguu, nyonga wala bandama.

Ni vyema pia kupima kile kinachogombaniwa. Mwendeshaji akibaki nyuma ya lori linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwa umbali wa kilomita mbili, atatumia dakika tatu. Kama angekwenda kilomita 60 kwa saa, angetumia dakika mbili. Ugomvi wote, pamoja na kulipita lori penye kona, ulikuwa wa dakika moja. Mfupa wa goko uliovunjika, kwa upande wake, huhitaji miezi kadhaa kuunga, na katika miezi hiyo familia hukosa mapato.

Yanayoongeza ukali wa hasira

Watu wawili wanaweza kutendewa jambo moja, mmoja akacheka na mwingine akapandwa na ghadhabu. Tofauti hiyo haitokani na tabia pekee. Hali ya mwili ina sehemu kubwa, na nyingi ya hali hizo zinaweza kurekebishwa.

Ukosefu wa usingizi ndio unaoongoza. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo wa kutenda kwa kiwango kinachokaribia cha mtu mwenye gramu 0.5 za pombe katika kila lita ya damu. Mwendesha bodaboda anayeamka saa 11 alfajiri na kuegesha pikipiki saa 4 usiku amefikia saa hizo 17 bila kugusa chupa. Uchovu huo huo hudhoofisha sehemu ya ubongo inayozuia hasira.

Njaa na kiu hufuata. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa barabarani. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na ukali usio na sababu. Mwenziwe aweza kudhani ni jeuri, kumbe ni ugonjwa. Mtu huyo anapaswa kusimama mara moja, anywe soda yenye sukari au maji ya sukari, na asiendelee na safari hadi apate nafuu kamili. Wagonjwa wa kisukari wanaokusudia kufunga Ramadhani wanashauriwa kuonana na daktari kabla ya mwezi kuanza, na wanaofanya kazi ya kuendesha pikipiki walitaje jambo hilo waziwazi.

Pombe, bangi na mirungi huvuruga hukumu ya akili na udhibiti wa hasira, kila kimoja kwa njia yake. Mirungi huahirisha usingizi bila kuuondoa, na inapoisha nguvu humwacha mtumiaji mchovu na mkali. Zipo pia dawa za hospitali na dukani zinazoleta usingizi au kupunguza wepesi wa kutenda, kama vile klorofeniramini (piritoni), diazepamu, amitriptilini na kabamazepini.

Mwisho ni mzigo wa hesabu. Vijana wengi hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Baadhi hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na wengine wako katika mkataba wa kulipia chombo hadi kiwe chao. Ikifika saa 9 alasiri na hesabu haijatimia, kila lori linalokwenda polepole huonekana kama mwizi wa riziki. Mhudumu wa afya hawezi kuiondoa hesabu hiyo, lakini anaweza kumsaidia mgonjwa kutambua kwamba hasira aliyonayo dhidi ya dereva imetoka nayo nyumbani.

Ukali unaotokana na jeraha la kichwa

Ipo hasira ya aina moja inayostahili kuangaliwa peke yake. Mtu aliyepata ajali, hata kama hakupoteza fahamu kwa muda mrefu, anaweza kubaki na athari katika ubongo kwa siku, majuma au zaidi. Picha za mionzi zinaweza kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovujia ndani ya fuvu, na bado mgonjwa akawa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usingizi uliovurugika, usahaulifu na ukali wa ghafla. Jeraha likigusa sehemu ya mbele ya ubongo, tabia inaweza kubadilika kwa muda mrefu zaidi. Mke husema, “Mume wangu alikuwa mpole, tangu aanguke amekuwa mkali kwa watoto.” Maneno hayo ni taarifa ya kitabibu na yanapaswa kuandikwa katika faili.

Mgonjwa wa namna hiyo akirudi kwenye pikipiki mapema, anarudi na ubongo usioweza kuzuia hasira kama zamani, wala kutenda upesi kama zamani. Ajali ya pili humkuta hajapona ya kwanza. Inashauriwa asiendeshe hadi dalili ziishe na apimwe upya. Akiwa na maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Familia ifahamishwe kwamba ukali huo unaweza kuwa ni jeraha, ili wamsaidie badala ya kugombana naye.

Adabu inavyofanya kazi

Adabu barabarani hudhaniwa kuwa ni unyonge. Wahenga walisema, muungwana akivuliwa nguo huchutama: hakimbilii kumvua nguo aliyemvua, hujisitiri kwanza. Kwa mwendesha pikipiki, kujisitiri ni kujiondoa katika hatari. Mambo yafuatayo yanawezekana katika barabara yoyote.

1. Kupunguza mafuta kwanza. Mara tu baada ya kunusurika, mkono wa kulia uachie mafuta kidogo kabla ya ulimi kusema neno lolote. Umbali kati ya pikipiki na gari lililokosea ukiongezeka, hatari hupungua, na hasira hupoteza kitu cha kukitazama.

2. Kutoa pumzi ndefu. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya tatu na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, mara tano au sita, huamsha neva ya vagasi inayopunguza mapigo ya moyo. Macho yabaki barabarani wakati wote.

3. Kulegeza mabega na viganja. Mwendeshaji ajiulize kama anaweza kuchezesha vidole vyake juu ya mshikio. Asipoweza, amekaza mno.

4. Kujiambia maneno mafupi, kama “Hakuniona.” Hata pale ambapo si kweli, maneno hayo humpa mtu nafasi ya kufika.

5. Kutumia honi kama taarifa. Honi fupi husema “nipo hapa.” Honi ndefu baada ya hatari kupita haimkingi mtu yeyote, huwa tusi, nayo huamsha kwa dereva hasira ile ile ambayo mwendeshaji anajaribu kuituliza.

6. Kutoa ishara na shukrani mapema. Indiketa iwashwe kabla ya kukata kona, na mkono wa kushoto unyanyuliwe kidogo, pale njia inapokuwa salama, kumshukuru dereva aliyetoa nafasi. Dereva aliyeshukuriwa leo huwa na moyo mwepesi kwa pikipiki atakayokutana nayo kesho.

7. Kusimama kabisa ikiwa mwili bado unatetemeka. Dakika tano chini ya mwembe, pamoja na maji ya kunywa, ni tiba halali.

Ikiwa kuna jambo la kumwambia dereva, liambiwe vyombo vikiwa vimesimama na injini zikiwa zimezimwa. Kijana wa mfano uliotangulia akilikuta lile lori limeegeshwa Korogwe anaweza kusema, “Shikamoo mzee. Pale Sindeni ulinitokea ghafla, nami nilikuwa na mama na mtoto mgonjwa.” Yaelekea atajibiwa, “Marahaba mwanangu. Samahani sana, kweli sikukuona.” Dereva huyo atatazama kioo chake mara mbili atakapoingia tena barabarani. Matusi yangemfundisha tu kuwachukia bodaboda. Na ikiwa dereva ni mkorofi au amelewa, namba za gari ziandikwe na taarifa ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Kumfukuza si kazi ya mwendesha pikipiki.

Nafasi ya abiria

Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo nyasi. Lori na pikipiki vikishindana, abiria ndiye nyasi. Ana haki ya kusema, na namna anavyosema ina athari kwa mwili wa anayemwendesha. Kumkemea mtu aliyekwisha kasirika huongeza moto. Mkono begani na neno la upole hufanya kazi zaidi: “Kijana, polepole, hatuna haraka.” Abiria asimchochee mwendeshaji kwa maneno kama “Usikubali, mpite!” Asiposikilizwa, aombe kushuka mahali salama. Nauli iliyopotea ni ndogo kuliko gharama ya siku moja wodini.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Katika zahanati na vituo vya afya, mwendesha pikipiki huja kwa sababu nyingi: malaria, maumivu ya mgongo, kidonda, shinikizo la damu. Kila ziara ni nafasi ya kuuliza maswali machache yasiyochukua zaidi ya dakika tatu. Analala saa ngapi? Anakula saa ngapi akiwa kazini? Anatumia pombe au mirungi? Katika mwezi uliopita, amewahi kulifukuza gari au kugombana na dereva akiwa juu ya pikipiki? Amewahi kuanguka na kugonga kichwa? Anatumia dawa gani sasa?

Maswali hayo yaulizwe kwa heshima, bila sauti ya hakimu. Kijana anayehisi kuhukumiwa atajibu kile kinachotakiwa kusikika. Jibu la ndiyo katika swali la ugomvi lifuatwe na kutafuta chanzo: usingizi, sukari, kilevi, sonona, wasiwasi uliozidi, au jeraha la kichwa la zamani. Wapo watu ambao hasira yao barabarani ndiyo dalili ya kwanza ya sonona kuonekana, hasa kwa wanaume ambao hawakuzoea kusema kwamba wana huzuni. Hao wanahitaji tiba, na pale inapobidi wapewe rufaa.

Mgonjwa mwenye kifafa aelezwe bila kificho kwamba asiendeshe chombo hadi daktari wake atakaporidhika. Anayepewa dawa ya usingizi aambiwe dirishani anapopokea dawa, kwa maneno ya wazi, kwamba asiendeshe pikipiki wakati dawa inafanya kazi. Elimu ya kundi nayo ina mahali pake: viongozi wa vijiwe vya bodaboda wanaweza kuombwa nusu saa asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi, na zoezi la kupumua likafanywa pale pale, kila mmoja akiwa amekaa juu ya pikipiki yake iliyozimwa. Linalofanywa kwa mwili hukumbukwa kuliko linalosikilizwa tu.

Katika wodi ya majeruhi, swali moja linafaa kuongezwa kwenye historia ya ajali. Pamoja na kuuliza nani aligonga, aulizwe mgonjwa nini kilitokea katika dakika tano kabla ya ajali. Huenda ikabainika kwamba palikuwa na honi, tusi au ushindani kabla ya mgongano. Likiandikwa, jambo hilo linaweza kutibiwa pamoja na mfupa, ili siku atakayoruhusiwa kupanda pikipiki tena, mgonjwa arudi barabarani akiwa na mguu uliounga na njia ya kutuliza moyo wake.